Kopo Juu ya Friji

Mwaka huu ofisini kwetu hakuna nyongeza ya mshahara. Kuna kopo.

Limewekwa juu ya friji, jirani na birika la umeme na kile kisanduku cha sukari ambacho mhasibu mkuu hukifunga kwa kufuli. Ni kopo jeusi lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, na ubavuni pamechorwa mwanamke aliyekunja miguu ufukweni, macho kafumba, anatabasamu. Huyo ni wazi hadaiwi na kikoba chochote. Ndani mna vidonge vya unga wa rangi ya udongo. Meneja wa rasilimali watu alitukusanya Jumatatu asubuhi, akatangaza kwamba kampuni inajali afya ya akili ya wafanyakazi wake, na kwamba kuanzia siku hiyo kila mmoja wetu ana haki ya vidonge viwili, kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula. Kijana wa stoo akauliza kama hicho chakula cha kutangulia nacho kinatolewa na kampuni. Akaambiwa ajitahidi kuwa na mtazamo chanya.

Kwa ambaye bado hajafikiwa na neema hii: vidonge hivyo ni vya ashwagandha, mzizi ambao matabibu wa Ayurveda kule India wameutumia kwa karne nyingi. Siku hizi umeingizwa kwenye ukoo mmoja na ginseng ya Wakorea na Wachina, na rodiola inayoota kwenye milima ya baridi kali, na tulsi, ule mmea wa jamii ya mrihani ambao majirani zetu Wahindi huuotesha uani na kuuheshimu. Wote kwa pamoja wanaitwa adaptojeni. Kazi yao, kwa maelezo ya wauzaji, ni kuusaidia mwili uhimili msongo wa mawazo, uchovu na wasiwasi. Ukikipasua kidonge utaipata harufu. Wahindi wenyewe wanasema mzizi huu unanuka farasi. Mimi farasi nimemjulia kwenye filamu, kwa hiyo naomba niseme unanuka punda wa Dodoma aliyetoka kubeba maji, na ukishameza, punda huyo anakurudia kooni mpaka saa sita mchana.

Aliyeliuza kopo ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto. Sikulijua hilo mpaka aliponipigia simu kunishukuru. "Shem! Mungu akubariki, nimepata tenda ofisini kwenu!" Mimi sikuwa nimefanya lolote. Alimkuta meneja wetu kwenye harusi moja Sinza, analalamika kwamba wafanyakazi wake siku hizi wanaonekana wamechoka, naye akalitoa kopo mkobani palepale, kati ya keki na ndafu. Makopo kumi na mawili, kila moja shilingi 85,000. Kazi yangu ni ankara, hesabu niliimaliza kabla hajakata simu: 1,020,000. Kumbe nyongeza yangu ya mshahara ipo, ila imepita mlango wa nyuma ikaenda ukweni.

Tangu hapo hana dogo. Ananitumia sauti za WhatsApp ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Anataka niingie chini yake, na mimi nitafute watu wawili waingie chini yangu, na wao wawili wawili, na hivyo hivyo kwenda chini, mpaka yeye afike ngazi ya dhahabu apelekwe Dubai. Nimemwambia shemeji, mimi chini tayari nipo, nimefika bila kulipa kiingilio.

Kinachonishangaza ni tofauti ya kauli. Kwenye sauti za shemeji, kopo linaondoa presha, vidonda vya tumbo, kukosa usingizi, kuzidiwa usingizi, na jambo fulani la ndoa ambalo yeye hulitaja kwa kukohoa. Kwenye kopo lenyewe, chini kabisa, kwa herufi zilizonilazimu kuazima miwani ya mzee wa masjala, imeandikwa kwamba bidhaa hiyo haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Kopo limetoka Marekani. Kule, kwa sheria yao ya 1994, muuza virutubisho halazimiki kuthibitisha kwamba bidhaa inafanya kazi kabla ya kuiweka dukani, mradi asidai inaponya ugonjwa. Akitaka kusema inaleta utulivu, aseme, ila abandike na hilo kanusho. Nilimsomea shemeji kwenye simu neno kwa neno. Akacheka. "Shem, hayo ni maneno ya Wazungu, wanaogopa kushtakiwa tu."

Basi nikasoma zaidi, maana mimi nikishikwa na ankara nisiyoielewa silali. Nilidhani hizi adaptojeni ni jambo la wahenga wa Asia tangu enzi na enzi. Mizizi ndiyo ya kale. Ukoo wenyewe umesajiliwa juzi, tena na Wasovyeti. Aliyeanza ni Nikolai Lazarev, mtaalamu wa sumu, mwaka 1947. Wanasayansi wa kule walikuwa wamevutiwa na wawindaji Wananai wa Mashariki ya Mbali, ambao walikula matunda madogo mekundu ya schisandra na kuweza kumfuata mnyama kutwa nzima bila chakula cha maana. Dola iliyokuwa vitani na yenye viwanda vya kuendesha, ikisikia habari za mtu anayefanya kazi bila kula, haiwezi kuzipuuza. Baadaye Israel Brekhman, aliyekuwa na maabara yake Vladivostok, akaichunguza ginseng, akaiona ni haba na ghali, akahamia kwenye eleuthero, kichaka cha miiba kilichojaa kwenye misitu ya huko kwao. Mwaka 1969 yeye na mwenzake Dardymov wakachapisha masharti ya mmea kustahili kuitwa adaptojeni: usimdhuru mtu, umwongezee ustahimilivu dhidi ya mashaka ya kila namna, na uurudishe mwili katika hali yake ya kawaida bila kujali umepotokea upande gani. Yaani ukiwa juu ukushushe, ukiwa chini ukupandishe. Ninaye fundi wa friji ambaye kwa ahadi hana mpinzani Kimara nzima, na hata yeye hajawahi kuthubutu hivyo.

Eleuthero ikapewa wanamichezo. Ikapewa wanaanga. Tazama hiyo orodha vizuri. Sioni humo hata mmoja aliyepewa dawa ili akapumzike kibarazani kwake. Walipewa wakimbie zaidi, wabebe zaidi, wakae angani zaidi. Mwanamke wa ufukweni amekuja baadaye sana, ameletwa na watu wa matangazo. Na meneja wetu, ambaye nina hakika Vladivostok hawezi kuionyesha kwenye ramani, ameifikia hoja ya Wasovyeti kwa akili yake mwenyewe: mfanyakazi akilemewa, usiupunguze mzigo, mwongezee mzizi.

Hata hivyo Warusi nawasifu kwa jambo moja. Ginseng ilipowashinda bei, waligeukia kichaka cha nyuma ya nyumba. Sisi tunakwenda kinyume. Ashwagandha ni ndugu wa nyanya, bilinganya na mnavu, na unaota wenyewe porini Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, kwenye ardhi kavu, kando ya njia, mahali ambapo mifugo imeshamaliza kila kitu kingine. Tunaupita tukiwa ndani ya basi. Tunasubiri ulimwe Madhya Pradesh, usagwe, upelekwe Marekani ukatiwe kwenye kidonge, upakiwe ndege hadi Dar es Salaam, uingie harusini Sinza ndani ya mkoba wa shemeji, ndipo meneja auone kwamba ni mmea.

Yule kijana wa alkasusi anayepita Kariakoo na chupa zake hajawahi kualikwa kwenye kikao cha afya ya akili cha mtu yeyote. Wala wale Wamasai waliopanga magome na mizizi kwenye vimeza vya barabarani, mkuyati kushoto, vumbi la Kongo kulia. Wote wanaahidi yale yale: nguvu, uchovu kwisha, damu kuchangamka. Wanachokosa ni kifuniko cha dhahabu. Sisemi mtu anywe kila kilichomo kwenye chupa ya barabarani. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lina kazi yake, na sheria ya 2002 iliyoliweka haikutungwa kwa kukosa la kufanya. Nasema tu kwamba nchi hii haijawahi kupungukiwa na imani juu ya mizizi. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita kwa kilomita kwenda Samunge, Loliondo, watu wakanywe kikombe cha dawa cha shilingi 500. Miaka ya korona tukajifunika mablanketi tukapiga nyungu, waziri na mpiga debe sawasawa. Ila kile cha shilingi 500 tunakionea haya kwenye mazungumzo ya ofisini, na hiki cha 85,000 tunakipandisha juu ya friji ili wageni wakione.

Je, kinasaidia? Hapa lazima niwe mwungwana, maana ashwagandha siyo maji ya bomba yaliyotiwa rangi. Kuna jaribio lililofanyika Hyderabad, likachapishwa 2012. Watu 64 wenye msongo wa muda mrefu waligawanywa, nusu wakapewa miligramu 300 za mzizi huo mara mbili kwa siku, nusu wakapewa kidonge kitupu, siku 60. Waliopewa mzizi walieleza nafuu kubwa, na kortisoli yao, ile homoni inayotolewa na tezi zilizokaa juu ya figo pale mtu anapobanwa, ilishuka kwa zaidi ya robo. Wale wa kidonge kitupu nao walipata kanafuu kadogo, jambo ambalo shemeji hatanisamehe kulitaja. Zipo tafiti nyingine baada ya hapo, na nyingi zinaelekea huko huko, isipokuwa ni ndogo na za muda mfupi. Rodiola nayo, Mamlaka ya Dawa ya Ulaya inaikubali kwa uchovu na unyonge unaotokana na msongo, lakini inaikubali kwa sababu imetumika siku nyingi, siyo kwa sababu majaribio yamemaliza ubishi. Kwa hiyo ukiniuliza, nitakwambia huenda inatuliza kidogo baadhi ya watu kwa wiki chache. Ningependa tu kujua kama kati ya wale 64 wa Hyderabad alikuwamo hata mmoja mwenye mkopo wa kausha damu.

Maana huko ndiko kunakonisumbua. Msongo wangu nimeukagua, nikaupanga kwenye safu kama ankara. Kuna ada ya muhula wa pili. Kuna kituo cha mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi, pale Kimara, ambapo mtu huingia kwenye basi bila kutumia miguu yake. Kuna umeme wa LUKU unaokwisha mechi ikiwa dakika ya themanini. Kuna makundi matatu ya michango ya harusi, na kwenye moja sijui bwana harusi ni nani wala bibi harusi ni nani, ila mweka hazina ananijua mimi. Na kuna ujumbe wa meneja saa tano usiku: "Samahani kwa usumbufu, naomba hii kesho asubuhi." Kati ya hayo yote sijaona hata moja linaloweza kufikiwa na kidonge kupitia koo langu. Ingefaa kimezwe na mtumaji.

Halafu soma maelekezo. Kwa matokeo bora, kopo linasema, lala kwa saa nane, fanya mazoezi, kula mlo kamili, punguza kahawa, jiepushe na mambo yanayoleta msongo. Bwana, mtu anayelala kwa saa nane na kujiepusha na msongo ananunua kopo la nini? Huyo yupo ufukweni, keshachorwa.

Kuna na wale ambao kopo haliwafai kabisa. Dada wa mapokezi ni mjamzito, na ashwagandha wajawazito wanakatazwa. Mzee wa masjala anameza dawa za presha na za tezi ya shingo, na mzizi huu una tabia ya kuingilia dawa za namna hiyo, pamoja na za kisukari na za usingizi. Zipo pia taarifa za watu walioumia ini, wachache, lakini ini ni moja. Denmark waliupiga marufuku mwaka 2023. Haya yote nilimpelekea meneja kwa barua pepe, kwa adabu, na salamu za mwisho ndefu. Akajibu kwamba anathamini ushiriki wangu. Dada wa mapokezi yeye aliitwa ofisini akaulizwa kama ana tatizo na programu.

Programu ina fomu. Kila Ijumaa tunajaza: kiwango chako cha msongo wiki hii ni kipi, moja hadi kumi, jina kamili, idara, sahihi. Sasa nani aliyekwenda shule ataandika nane? Mtu akiandika nane Ijumaa, Jumatatu ataambiwa kazi imemshinda, na nje ya geti kuna vijana wenye shahada zao kwenye bahasha wanaingoja nafasi hiyo hiyo. Tuliandika mbili. Idara nzima, mbili. Kijana wa stoo, ambaye mkataba wake unakwisha mwezi ujao, aliandika moja na akachora ua. Mzee wa masjala peke yake, kwa kuwa anastaafu mwaka huu na barua yake imeshapigwa muhuri, ndiye aliyeandika kumi, na pembeni akaongeza kwa mkono: pamoja na fomu hii.

Meneja akatengeneza mchoro. Mistari ikashuka vizuri, ikapakwa kijani, ikaonyeshwa kwa wakubwa. Wakubwa wakafurahi mno. Msongo umepungua, nguvu kazi imeimarika, basi zile nafasi mbili zilizobaki wazi tangu wenzetu wapunguzwe hazina haja ya kujazwa, kazi zake zigawanywe kwa waliopo. Ankara za tawi la Morogoro sasa ni zangu. Brekhman angesimama akapiga makofi.

Na vidonge? Hakuna anayevimeza, ila vinakwisha. Kila asubuhi tunachukua viwili mbele ya meneja, tunamshukuru, tunavitia kwenye droo. Jioni mlinzi wa getini hupita meza kwa meza kuvikusanya. Yeye ni wa kampuni ya ulinzi, siyo mwajiriwa wetu, kwa hiyo afya yake ya akili haimo kwenye bajeti. Lakini alikuwepo siku shemeji alipoleta mzigo, akasikia ule ukohoaji, akaelewa alichoelewa. Nilimwambia ni viwili tu kwa siku. Akanijibu, "Mzee, hiyo ni kwa nyinyi mnaokaa kwenye kiyoyozi."

Juzi mchana alimeza vya wiki nzima, akashushia na chai ya rangi. Sasa, katika madhara yanayotajwa mara nyingi ya ashwagandha, mojawapo ni usingizi. Meneja alirudi kutoka benki saa tisa, akapiga honi mpaka wauza mihogo wa ng'ambo ya barabara wakaja kuangalia kulikoni. Geti halikufunguka. Kijana wa stoo ndiye aliyeruka ukuta akaingia ndani, akamkuta mlinzi kwenye kiti, kofia usoni, anakoroma kwa mpangilio.

Amepewa barua ya onyo, na anatakiwa ajieleze kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Amekuja kwangu kwa kuwa mwandiko wangu unasifika. Aya ya kwanza imekwisha: anakiri kwamba alilala. Aya ya pili inatakiwa itaje sababu, na hapo ndipo tumekwama. Yeye anataka niandike malaria. Mimi nataka niandike kwamba alishiriki kikamilifu katika programu ya afya ya akili, na kwamba angepewa fomu siku hiyo angestahili sifuri. Nimempigia shemeji aniambie kampuni yake inasemaje juu ya mtu aliyezidisha. Akaniomba sana, kwa jina la dada yake na la wanangu, barua isitaje bidhaa, kwa sababu wiki ijayo ana miadi na meneja wetu. Anamletea kahawa ya uyoga. Anasema hiyo inaamsha.